Ukiwa na Habari, Tembea

Nilirudi kukimbia kwa sababu ya ngazi sita za saruji. Darasa ninalofundisha hapa Bashay limejengwa kwenye mteremko, kwa hiyo msingi wake umeinuka upande wa mlangoni na kuingia lazima upande ngazi. Asubuhi moja mwanzoni mwa masika nilizipanda ngazi hizo nikiwa nimekumbatia madaftari ya darasa zima. Wanafunzi wakasimama. "Shikamoo madam!" Nikafungua mdomo niitikie, pumzi ikakataa. Nikabaki mlangoni nimeinua mkono mmoja kama trafiki, na watoto wa watu wamesimama wima wananitazama, maana huku mtoto hakai mpaka mkubwa aitikie. Mmoja wa nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Marahaba yangu ilipotoka ilikuwa nyembamba kama ya bibi kizee, na nilikuwa na miaka thelathini na tisa tu.

Mimi nimezaliwa Katesh, nyumba ya dukani. Baba aliuza vitambaa, mama aliuza vitambaa na maneno. Kukimbia nilijifunza ukubwani, baada ya mtoto wa pili. Tulikuwa wanawake watatu. Tukimaliza swala ya alfajiri tunafunga mitandio vizuri, tunaingia kwenye lami, tunaelekea upande wa Mogitu mpaka pumzi ziishe, halafu tunageuka. Hatukuwa tunashindana na mtu. Sijawahi kushinda hata mbio za magunia. Madereva wa malori walituzoea, wakawa wanatupigia honi ya salamu. Nusu saa ile ndiyo iliyokuwa yangu peke yangu: kabla yake nilikuwa mke wa mtu, baada yake nilikuwa mama wa watu na mwalimu wa watu, na hapo katikati hakuna aliyekuwa ananidai kitu.

Kisha nikahamishiwa huku Mbulu. Watoto wakabaki Katesh na baba yao kwa ajili ya shule, mimi nikaja na mabegi mawili na godoro. Nikajiambia nitapumzika kukimbia wiki mbili, mpaka nizoee. Wiki mbili zikazaa mwaka mmoja na nusu. Kwanza ilikuwa baridi, kisha ukungu, kisha mitihani, kisha vumbi, kisha baridi tena. Mvivu hakosi sababu. Nilichoka bila kufanya kazi ya mwili, nikanenepa bila kula cha maana, na kila mwisho wa mwezi nilipopanda basi kwenda kuwaona wanangu nilikuwa nasinzia toka nakaa mpaka nashuka.

Siku ile ya ngazi nilirudi nyumbani nikavuta viatu vya kukimbia kutoka chini ya kitanda. Panya alikuwa amekula kamba ya kiatu kimoja. Nikafunga kwa katani.

Nyumba ya walimu tunaishi wawili. Mwenzangu ni mzaliwa wa hapa hapa, dada mmoja mwenye ulimi mwepesi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi aliamka akanikuta sebuleni nimevaa traksuti na mtandio, mvua inanyunya nje.

"Kumetokea nini?"

"Hakujatokea kitu. Nakwenda kukimbia."

"Kukimbia kwenda wapi?"

"Kukimbia tu, halafu nirudi."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kile kiatu chenye katani. "Basi lete mboga ukirudi, angalau safari iwe na maana," akasema, akaenda kulala tena. Angeweza kuniambia zaidi siku ile, lakini usingizi ulikuwa mtamu na mimi sikumwuliza.

Barabara yetu inatoka shuleni, inashuka kati ya mashamba mpaka korongoni, pale inapokutana na barabara kubwa ya mabasi ya Haydom. Hakuna nyingine. Nilikuwa nimepanga nifike korongoni na kurudi bila kusimama. Nilisimama kabla hata ya kumaliza uzio wa shule. Tope la huku likikushika kiatu haliachi. Baada ya hatua mia mbili kila mguu ulikuwa na kilo yake. Mtandio ulilowa ukaning'ang'ania mdomoni, nikawa navuta maji badala ya hewa. Kichomi kikanikamata ubavu wa kulia. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea, nikamtukana aliyeniandikia uhamisho, nikakimbia. Mtu wa Katesh haiamini mvua, toka mlima ulipotushushia tope na mawe. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kuiogopa nilishindwa.

Katikati ya njia, kwenye kona, kuna boma lenye uzio wa minyaa na shamba la vitunguu saumu pembeni. Nilipolikaribia, mzee alitoka ndani haraka haraka, amevaa gambuti na koti refu la mvua, akashika nguzo ya lango.

"Shikamoo babu!" nikapaza sauti, nikapita.

Hakuitikia. Nilipogeuka korongoni na kurudi, alikuwa bado pale pale, ameshika nguzo ile ile. Nikamwamkia tena. Hakuitikia tena. Nikajisemea amekasirika, kwa sababu mzee haamkiwi mara mbili asubuhi moja, na huku haamkiwi na mtu anayepita mbio kama mwizi wa kuku. Nikaahidi kesho nitapunguza mwendo. Kesho nilipunguza kidogo. Siku ya tatu vilevile. Kila siku alitoka, kila siku alishika nguzo, na mimi nilianza kudhani ananitazama kwa sababu nachekesha.

Sasa niseme kosa langu. Mzee yule nilimjua. Mkewe ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kunibishia hodi nilipohamia, akiwa na chupa ya maziwa, akanifundisha salamu ya Kiiraqw na kucheka nilivyoitamka mpaka akajifuta machozi. Na nilijua kwamba wiki tatu kabla ya hapo mama huyo aliteleza kwenye tope la zizini akavunjika paja, akabebwa mpaka korongoni, akapandishwa basi kwenda hospitali Haydom. Binti yao alikwenda naye kumwuguza. Kabla ya kuondoka binti alikuja shuleni kuchukua namba yangu, kwa kuwa shuleni kuna umeme, na simu ya baba yake inategemea sola, na masika jua halionekani. "Likitokea la kutokea, nitakupigia wewe, mwalimu," alisema. Nikamwambia usijali. Yote hayo niliyajua. Ila sikuyaunganisha na miguu yangu.

Siku ya nne nilimkuta amesimama katikati ya barabara, fimbo ameishika kwa mikono miwili, ameiweka mbele yangu kama anazuia ndama.

"Simama."

Nikasimama. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Sema."

"Niseme nini, babu?"

"Hicho ulichokuja nacho."

"Sijaja na kitu. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Unakwenda jeshi?"

"Ya afya, babu. Mwili umechoka."

"Umechoka, halafu unakimbia." Alisema polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu. Mvua ilikuwa inamchuruzika kwenye kofia. "Mwalimu. Siku nne unakuja mbio. Nakuona, nasema amekufa. Unapita. Nasema ameogopa kuniambia peke yake, anakwenda kumwita mzee mwenzangu akae na mimi kwanza. Unarudi mbio, nasema ndiyo sasa. Unapita tena. Mke wangu umemwua mara saba."

Akaniambia mengine huku tumesimama pale pale. Mtoto wao wa kwanza alifia hospitali, zamani, kabla ya simu. Aliyetumwa alishuka kwenye lori kule korongoni, akaja mbio kwenye mvua kama hii, na mzee alimwona kuanzia mbali. "Huku kwetu mtu mzima hakimbii bure," akasema. "Akikimbia amebeba kitu. Hata sasa na hizo simu zenu, la msiba halisemwi kwenye simu kwa mzee. Anatumwa mtu."

"Nisamehe babu. Nitatafuta njia nyingine."

"Iko wapi hiyo?"

Hakukuwa na njia nyingine, wote tulijua. Nikasema basi naacha, nitakimbia mama akishapona. Hapo akanishangaza. Akaichomeka fimbo kwenye tope.

"Usiache. Wewe kimbia. Nikikuona unakimbia na kupita, nitajua huyu ni mwalimu na mambo yake, na mama yupo. Nitakwenda kukamua. Ila siku ukiwa na habari, usikimbie. Tembea. Pale juu kwenye mkaratusi, ukishuka toka shuleni, nitakuwa nimeshakuona. Nitapata nafasi ya kukaa chini."

"Na akiwa na homa, au akikataa kula, nikuambieje?"

"Habari ya nusu usiniletee. Kuumwa kwake nakujua. Hiyo nyingine ndiyo ya kuniletea."

Tukakubaliana hivyo, watu wazima wawili mvuani. Nikakimbia kuelekea korongoni kwa sababu nilishaambiwa nikimbie, na nyuma yangu nikasikia analifunga lango.

Mwanzoni niliona nimepata heshima. Nilimsimulia mwenzangu wa nyumba, hakucheka. Akaniambia, "Umejifunga." Nilidhani ni ule ulimi wake tu.

Alikuwa amesema kweli. Jumamosi ya wiki hiyo mvua ilinyesha toka usiku, mvua ya kumwaga, na mimi nikafanya anachofanya binadamu yeyote mwenye akili: nikavuta blanketi. Saa mbili asubuhi hodi. Nafungua, ni mzee, amelowa mpaka ndani, amepanda mlima wote ule na fimbo yake. Aliniangalia tu usoni, anasoma.

"Hakuna kitu, babu! Nimelala tu! Ni mvua!"

"Aa," akasema. "Ni mvua." Alikaa kwenye kiti karibu na mlango mpaka pumzi yake ilipotulia, akakataa chai, akarudi. Kuanzia siku ile sikulala tena asubuhi, iwe Jumamosi, iwe Jumapili, na ile safari ya mwisho wa mwezi kwenda Katesh niliiahirisha. Mtoto wangu mdogo alilia kwenye simu. Nikamwambia kuna mgonjwa. Akaniuliza mgonjwa ni nani wetu, nikamwuliza yeye amekula nini.

Wiki zilivyokwenda, mwili ulirudi. Hilo nalikubali. Ngazi za darasani nikawa nazipanda huku naongea. Kichomi kiliacha kuja. Lakini furaha ile ya lami ya Mogitu haikurudi na pumzi. Nilikuwa naamka gizani nimechoka, navaa traksuti isiyokauka toka jana, natia miguu kwenye viatu vya baridi, nashuka barabarani kama mtu anayekwenda kusaini daftari la mahudhurio. Mzee alikuwa anasubiri langoni. Napita mbio. Anainua fimbo kidogo. Naenda, nageuka, napita mbio. Anainua fimbo, anaingia zizini. Yeye alipata asubuhi yake. Mimi yangu niliitoa, na hakuna aliyeniona nikiitoa.

Na zile habari za nusu zote zilikuja kwangu. Binti alikuwa anapiga jioni, mtandao unakatika katika. Mguu bado umevutwa kwa vyuma. Mgongo umeanza kidonda kwa kulala. Leo hakula. Leo amekula uji vijiko viwili. Leo amemwita mtoto yule aliyekufa, kwa jina, mara mbili. Binti alikuwa analia, namtuliza, nakata simu, na hakuna wa kumwambia, maana mwenye mke alinikataza. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangeubeba huu kwanza.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumanne moja. Mvua ilikuwa imekata usiku, barabara ikabaki na utando wa maji juu ya tope gumu, utelezi mtupu. Nilipogeuka korongoni mguu wa kushoto ukaenda peke yake. Nilianguka ubavu, kifundo kikalia. Nilikaa kwenye maji, nikakishika, nikaona kinavimba hapo hapo. Nikasimama, nikajaribu kukanyaga. Kutembea niliweza, kwa kuchechemea. Nikaanza kupanda.

Nilikuwa karibu na boma lake ndipo akili ikanijia. Nilikuwa natembea.

Nikajibanza nyuma ya minyaa ya jirani. Kutoka hapo mpaka kumpita ni kama hatua mia tatu, zote zinapanda, zote anaziona. Ningeweza kupiga kelele kutoka pale nilipokuwa kwamba nimeumia tu, lakini masikio yake yamechoka, na mvua ilikuwa imeanza tena, na kabla sauti haijafika macho yangekuwa yameshafika. Nilikaa pale nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mzee wa mtu. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia fimbo yake, nikamkasirikia yule mama wa watu aliyeniletea maziwa. Nikasema kwa sauti, peke yangu nyuma ya uzio, "Mungu wangu, hili jambo liishe." Sikusema liishe vipi. Nilijua kwamba sikusema, na niliacha hivyo hivyo.

Kisha nikafunga mtandio vizuri, nikauma meno, nikakimbia. Kila nikikanyaga kushoto machozi yalikuwa yanatoka yenyewe. Nilimpita na kichwa juu. "Shikamoo babu!" Akainua fimbo. Nilikimbia mpaka mkaratusi uliponificha, nikakaa chini, nikatapika.

Mwenzangu alinikanda kifundo kwa maji ya chumvi bila kusema neno la mzaha, na kwa tabia yake hiyo ilikuwa huruma kubwa. Kesho yake alitaka yeye akimbie badala yangu. Tukacheka kidogo. Mzee angeona mtu mwingine anakuja mbio, ndiyo ingekuwa balaa kabisa. Nikafunga kifundo kwa kitambaa, nikaenda.

Habari ilikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata, kipindi cha tatu, watoto wanaandika insha. Simu ikatetemeka kwenye mkoba. Binti hapigi asubuhi. Nikatoka nje ya mlango, nikapokea.

"Mwalimu, wametuandikia ruhusa," akasema. "Tuko kwenye basi."

"Ruhusa ipi?"

"Ya kurudi nyumbani! Mama yuko hapa, amekaa, analalamika dereva anakimbiza. Mguu bado haukanyagi, atembee na magongo pole pole. Mwambie baba aje korongoni mchana na mkokoteni wa ng'ombe, hatuwezi kumbeba na hili tope. Mwalimu, unanisi..." Mtandao ukakatika.

Nilicheka peke yangu pale kwenye ngazi. Nilimwomba ruhusa mwalimu mkuu, nikavaa gambuti, nikachukua mwavuli, nikatoka na sketi yangu ya shuleni. Mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimeshashuka karibu nusu ya njia, nimefurahi kama mtoto, nilipofika kwenye mkaratusi na kusimama ghafla.

Nikitembea, amekufa. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Nikikimbia na kupita, hakuna kitu. Lakini sikuwa nakwenda kupita, nilikuwa nakwenda kuingia. Na saa hiyo haikuwa saa yangu, wala nguo hazikuwa nguo zangu za kukimbia. Mtu mzima, mvuani, saa nne asubuhi, anakuja mbio kwenye boma lake. Nilisimama pale mwavuli ukinigeukia kwa upepo, nikatafuta kwenye mapatano yetu yote mahali pa habari njema. Hapakuwepo. Wiki zote zile tulipanga la kufa na tulipanga la kutokuwa na kitu. La kupona halikuwa na mwendo wake.

Nikachagua kukimbia. Nilijiambia mbio zitamshikilia mpaka nifike karibu aweze kunisikia. Nilikuwa nimekosea. Alikuwa shambani anazibua mfereji maji yasizamishe vitunguu saumu, ameinama. Akainua kichwa. Niliona anaiangalia sketi, anaziangalia gambuti. Jembe likamtoka mkononi. Hakuja langoni kama kawaida. Aligeuka, akaingia ndani kwake, akafunga mlango.

Nilifika mlangoni nahema. "Babu! Mzima! Mama mzima, anarudi!" Mvua juu ya bati ilikuwa inapiga kelele kuliko mimi.

"Nimekuona umekuja," sauti yake ikatoka ndani. "Usiseme."

"Babu, siyo hivyo, sikiliza..."

"Mwalimu! Nimesema usiseme. Ngoja nivae."

Nikanyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza, mtu mzima mwenye habari njema mdomoni. Nadhani ni malezi tu. Mzee akikuambia nyamaza, unanyamaza, na mimi nimelelewa hivyo Katesh kama wanavyolelewa huku. Nikasimama chini ya upenu wa bati, maji yananimwagikia mgongoni, nikimsikia ndani anafungua sanduku la nguo, anahangaika na vifungo, anakohoa. Ilikuwa ni dakika chache. Nilizimaliza zote kimya.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amevaa koti jeusi la kanisani na shati lililofungwa mpaka kooni. Amevua kofia. Akarudi akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Sema sasa."

"Babu, mama anakuja na basi la mchana."

Akatikisa kichwa polepole. "Wamepata sanduku?"

"Hapana babu! Amekaa kwenye kiti. Yuko hai. Wameruhusiwa. Binti anasema uende na mkokoteni, kwa sababu mguu bado haukanyagi."

Hakusogea. "Amekaa?"

"Amekaa."

"Kwenye kiti."

"Kwenye kiti, babu, kama abiria wengine. Anamgombeza dereva."

Hilo la dereva ndilo alilolisadiki. Akauficha uso kwa viganja vyake, na mabega ndani ya lile koti yakaanza kupanda na kushuka. Sikujua nimshike au nisimshike. Sikumshika. Baada ya muda alijifuta kwa mkono, akanitazama, na alikuwa na hasira kidogo, hasira ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mwalimu, mbona hii hatukuipanga?"

Yeye nilimwelewa. Mwenye mgonjwa anaogopa hata kulitaja neno kupona. Lakini mimi sikuwa na mgonjwa. Mimi nilikuwa na akili ya kutosha kuikumbuka siku hii, na nilikuwa nyuma ya minyaa naomba jambo liishe. Nilimwambia, "Sikufikiri, babu. Nisamehe." Akasema hakuna neno.

Akasimama kwenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Nikamwambia avue kwanza lile koti, njia ya korongoni ni tope tupu, litaharibika.

"Nimelivaa kwa ajili yake," akasema. "Sivui." Akatoka nalo kwenye mvua.